Maswali Elfu Hamsini na Mbili

Jumatatu, 2 Machi 1998

Siku mbaya. Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba niliamka nikiwa na furaha.

Saa mbili na nusu Daktari Evodius, mkuu wa mradi wetu wa vyandarua, alituita ofisini kwake, mimi na mwenzangu wa kompyuta, Levina. Shikamoo zetu alizipokea bila kuinua macho. Ishara mbaya! Akasema wafadhili wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na wanataka orodha ya kaya zote za mradi, watu wake wote, na chandarua ambacho kila mmoja hulala ndani yake. Orodha hiyo itolewe na kompyuta mbele ya macho yao. Kisha akatamka neno lililonifanya nishike ukingo wa meza. Mradi hauwezi kuendelea kulisha wakalimani wawili. Jumatano ya tarehe kumi na moja wote wawili watapimwa kwa swali moja, saa ikiwa mkononi. Mshindi atatumika mbele ya wageni, na aliyemwandika ndiye atakayepewa mkataba mpya mwisho wa mwezi. Nafasi ni moja.

Nieleze, kwa faida ya atakayelikuta daftari hili nikiwa nimekwisha kufa kwa hofu. Takwimu zetu zimelala katika majedwali matatu: la kaya, la watu, la vyandarua. Programu za kisasa hazitaki majedwali. Zinataka vitu vilivyo kamili. Unaita kaya, nayo inakuja na watu wake kama familia inayoingia kanisani. Kati ya programu na majedwali lazima asimame mkalimani, naye pia ni programu. Mimi nimeandika wangu, Levina ameandika wake. Wangu ni mzuri zaidi. Unaandika mstari mmoja, mfupi, wenye adabu, na kaya inatokea. Wa Levina unaandika mistari kumi na minne kabla hujamwona hata mtoto mchanga.

Kwa nini basi natetemeka? Kwa sababu nikikosa mkataba najua niendako. Baba mkwe wangu, Mzee Fulgensi wa Malinyi, alinikubalia Balbina kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Alikwisha kusema mbele ya ukoo mzima kwamba siku kompyuta itakaponichoka, analo dungu, jukwaa la miti la mlinzi, kwenye mpunga wake, linalohitaji mtu wa kuamia viboko. Alikuwa anacheka.

Viboko hawacheki.

Jumanne, 3 Machi

Nimefanya jaribio la siri. Kaya kumi. Wangu: kufumba na kufumbua. Wa Levina: kufumba na kufumbua. Sare! Nikajikuta ninaimba.

Levina akasikia. Akaja kuuliza ni habari gani njema hiyo, ili nasi wengine tuimbe. Nikamwonyesha. Akasema kaya kumi ni wageni wa meza moja ya harusi, tujaribu mtaa mzima wa Kibaoni. Kaya mia sita. Sikuweza kukataa. Mzee Haruni, mtunza jenereta wetu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, na Mzee Haruni hajawahi kutunza siri tangu azaliwe Bagamoyo.

Wa Levina: sekunde nne.

Wangu: Mzee Haruni alimaliza chai, akaenda kusuuza kikombe, akarudi, akauliza kama bado tuko Kibaoni. Dakika tatu kasoro kidogo.

Levina akaeleza sababu kwa ule upole wake unaoumiza. Mkalimani wangu anakwenda kwenye majedwali kuulizia kaya. Akipewa, anarudi. Anakwenda tena kuulizia watu wa kaya ya kwanza. Anarudi. Anakwenda kuulizia chandarua cha mtu wa kwanza. Anarudi. "Kaka Wendelin, huyu ni mtu anayekwenda sokoni kununua nyanya moja, anailaza nyumbani, halafu anavaa viatu upya." Wa kwake anakwenda mara moja na kapu, anabeba vyote, anavipanga akifika. Mzee Haruni alicheka hadi akashika ukuta. Akasema hata mkewe, mama Salha, hajawahi kumtuma namna hiyo, na mama Salha hajazungumza naye vizuri tangu Idi.

Nikajibu kwamba mkalimani wangu ana heshima, habebi asichoombwa. Nikaondoka nimeinua kichwa. Nikaketi kwenye meza yangu, nikapiga hesabu. Kaya 9,412. Watu 43,106. Swali moja la kwanza, kisha moja kwa kila kaya, kisha moja kwa kila mtu. Maswali elfu hamsini na mbili, mia tano na kumi na tisa! Kwa mwendo wa Kibaoni, dakika arobaini na nne. Levina hatafikisha dakika moja.

Jasho limenitoka mahali ambapo sikujua kwamba hutoka jasho.

Alhamisi, 5 Machi

Mkakati wa kwanza: hoja. Shuleni nilikuwa mwenyekiti wa mdahalo miaka miwili mfululizo, na sikuwahi kushindwa ila pale nilipokabiliwa na ukweli.

Nimemwandikia Daktari barua ya kurasa mbili. YAH: MAPENDEKEZO YA KUBORESHA JARIBIO. Nimeonyesha, kwa utaratibu na bila jazba, kwamba kupima kwa kaya elfu tisa ni kuchosha mitambo, ni kuuchosha umeme unaotoka Kidatu, ni kuwachosha wageni ambao watakuwa wametoka safarini. Kaya kumi zinatosha. Nimeambatanisha majina ya kaya hizo.

Daktari aliisoma akiwa amesimama. Nilisimama pia, kwa heshima. Akauliza kama kaya ninazopendekeza ni hizi za kiambatanisho. Nikasema ndizo. Akauliza kwa nini kila kaya kati ya hizo kumi ina mtu mmoja tu, tena asiye na chandarua. Nikasema ni bahati ya sampuli. Akanitazama kwa muda ambao, kama ungepimwa kwa saa, ungemshinda hata mkalimani wangu. Kisha akaandika neno moja kwa kalamu nyekundu. HAPANA.

Nyumbani sikuweza kula. Balbina akauliza: "Baba Eveline, unaumwa?" Nikasema nimechoka tu. Akasema basi kuna salamu. Kuna mtu amevuka na kivuko leo akitokea Malinyi, ameleta salamu za baba. Baba anauliza kama kompyuta haijambo.

Anajuaje? Nani amemwambia? Nimefunga dirisha.

Ijumaa, 6 Machi

Mkakati wa pili: kapu. Si lile la Levina, naomba ieleweke. Hili ni la kwangu, na linafanana na lake kwa bahati tu. Nimemwamuru mkalimani wangu kwamba kaya ikiitwa, isije mikono mitupu. Ije mara moja na kila kinachoihusu. Watu, vyandarua, kila kitu! Nilimaliza saa nne asubuhi.

Nikabonyeza. Nikangoja.

Kompyuta ikaanza kuvuma. Kwanza kidogo, halafu kama mashine ya kukoboa mpunga. Kioo kikaganda. Kishale kikaganda. Nikabonyeza kila kitufe, pamoja na vile ambavyo sikujua kazi yake. Levina akasogeza kiti, akatazama, akauliza ni kaya ipi inayopakiwa. Ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha: Mzee Beno wa Kibaoni, watu saba.

Akacheka, akajizuia, akacheka tena. Mzee Beno, kama nusu ya watu wa Ifakara msimu huu, ana nyumba mbili. Ana nyumba ya mjini, na ana nyumba ya shamba ng'ambo ya mto, ambako mkewe na watoto wakubwa wamehamia kupalilia mpunga hadi mavuno. Sisi wenyewe ndio tuliosisitiza fomu zionyeshe hivyo. Kaya ya mjini inaitaja ya shamba. Kaya ya shamba inaitaja ya mjini. Nami nilikuwa nimeamuru kila kaya ije na kila kinachoihusu. Mzee Beno akaja na shamba lake. Shamba likaja na nyumba ya mjini. Nyumba ya mjini ikaja na shamba.

"Kaka, mhurumie mzee wa watu," Levina akasema. "Amevuka kivuko mara elfu themanini tangu saa nne, na kuku wake kichwani."

Akaongeza, bila kuombwa, kwamba dawa yake ni ndogo. Chukua namba za kaya zote, uliza watu wao wote kwa swali moja, uliza vyandarua vyote kwa swali moja, basi. Maswali matatu. Alikuwa tayari kukaa nami Jumamosi.

Maswali matatu! Nilimkatalia kwa maneno ya staha. Mshindani hatoi dawa bure. Bila shaka ni mtego. Nimemrudisha mkalimani wangu katika hali yake ya zamani, ambayo angalau inafika.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani nimepata ufunuo, ingawa si ule uliokusudiwa.

Wakati wa kutoa sadaka mwalimu wa kwaya alitangaza wimbo. Nikafungua kitabu changu cha nyimbo. Ile faharasa ya mwishoni, inayoonyesha kila wimbo uko ukurasa gani, haikuwapo. Eveline aliichana mwaka jana akatengenezea ndege. Nikaanza kutafuta ukurasa kwa ukurasa tangu mwanzo. Nilipoupata wimbo, watu walikuwa wamekaa.

Hapo ndipo nilipotetemeka, na Balbina akadhani ni roho.

Majedwali yetu nayo yana faharasa! Kando ya jedwali la watu kuna orodha ndogo inayoiambia mashine watu wa kaya fulani wako mahali gani. La vyandarua nalo lina yake. Bila orodha hizo, mashine lazima ilisome jedwali lote tangu juu hadi chini. Mkalimani wa Levina anategemea faharasa. Faharasa ikitoweka, atapapasa kama mimi na kitabu changu, na kapu lake litabaki mlangoni.

Nje, baada ya misa, Levina alimsalimu mke wangu kwa furaha. Nikasikia akisema: "Wifi, mwambie kaka apunguze kiburi, milango yangu iko wazi mpaka kesho." Balbina akasema huyu, wifi yangu, hata dawa ya meno huwa anabishana nayo. Wakacheka wote wawili.

Nilicheka pia. Sauti ilitoka nyembamba.

Jumatatu, 9 Machi

Limetendeka. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Levina akiwa stoo kuchukua karatasi za mashine ya kuchapa, nimefuta faharasa mbili. Amri fupi, maneno matatu kila moja. Vidole vilikosea mara nne. Nje mtu alikohoa nikaruka, kumbe ni mbuzi wa jirani.

Saa nne Levina alikaa kujaribu kazi yake kwa kaya zote elfu tisa. Nilijificha nyuma ya kalenda ya ukutani, yaani nilijifanya naisoma. Juzi alitumia sekunde hamsini na mbili. Leo? Dakika moja na sekunde kumi na tisa. Basi! Akakunja uso kidogo, akasema labda mashine ina joto, akaenda kunywa uji.

Sikuelewa. Nikamjaribu wa kwangu. Si kwa kaya zote, kwa kaya moja tu. Aliondoka, akakaa, akakaa, akarudi. Sekunde nne kwa kuulizia watu wa kaya moja! Kisha sekunde mbili kwa chandarua cha kila mtu.

Nilitoka nje nikakaa juu ya tofali, nikafikiri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Bila faharasa, kila swali linasoma jedwali lote, watu elfu arobaini na tatu, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Levina anauliza mara moja. Kwa hiyo jedwali linasomwa mara moja. Mimi ninauliza mara elfu hamsini na mbili. Na majedwali ni yale yale! Yeye na mimi tunachota kisima kimoja, nami nimekata kamba.

Hesabu mpya: saa thelathini na nne. Nikianza Jumatano asubuhi, nitamaliza Alhamisi jioni, wageni wakiwa wamekwisha kupanda gari kurudi Mikumi.

Lazima zirudishwe kesho. Zirudishwe kesho, hakuna atakayejua.

Jumanne, 10 Machi

Hazikurudishwa.

Kuiunda faharasa upya kunahitaji jambo moja. Mtu mwingine yeyote asiwe ndani ya jedwali wakati huo. Leo, kati ya siku zote alizoumba Mungu, Ngusa amerudi kutoka nyanjani. Ngusa ni karani wetu wa kupita nyumba kwa nyumba, Msukuma mrefu asiyechoka. Ameleta fomu mia tatu zikiwa kavu kabisa katika mvua hii ya El Niño, na Levina akakaa kuziingiza. Asubuhi yote alikuwa ndani ya jedwali la watu. Nikamshauri akapumzike macho. Akasema macho yake hayajambo. Nikamwambia Daktari anamwita. Akaenda, akarudi baada ya nusu dakika, akasema Daktari anamwita yule aliyesema Daktari anaita.

Mkakati wa mwisho: Mzee Haruni. Nilimfuata kwenye kibanda cha jenereta, nikampa shikamoo mbili. Nikamwomba akate umeme wa jengo kwa dakika kumi tu, kwa ajili ya ukaguzi. Ukaguzi wa nani, akauliza. Nikasema wa kitaalamu. Akasema yeye ataukata, mwanangu, kwa sababu uso wangu umekuwa wa majivu na hataki kunibeba. Mpango wangu ulikuwa kwamba kompyuta ya Levina ikizimika, atatoka kwenye jedwali, nami nitaingia.

Umeme ukakatika. Kompyuta ya Levina ikazimika. Yangu ikazimika. Kompyuta kuu yenye majedwali ikazimika. Nilikaa gizani, mikono juu ya kibodi, kama mpiga kinanda kwenye msiba.

Umeme uliporudi, Levina aliingia kwanza. Yeye ana vidole vyepesi. Akabaki humo hadi saa kumi na moja, Daktari alipofunga chumba na kuweka ufunguo mfukoni mwake.

Balbina anasema nazungumza peke yangu. Anasema nataja kamba na kisima.

Jumatano, 11 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Saa tatu tulikusanyika chumba cha kompyuta, wafanyakazi wote kumi na wawili. Ngusa alikaa dirishani. Mzee Haruni alileta kiti chake mwenyewe, kama mtu anayekwenda kutazama mpira. Daktari akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani.

Levina alitangulia. Dakika moja, sekunde ishirini. Mashine ya kuchapa ikaanza kutema karatasi, kaya baada ya kaya. Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia, mikono yangu ililoana ikatoa mlio wa samaki.

Zamu yangu. Niliomba nafasi ya kusema machache kwanza. Nilisema machache kwa dakika tisa, kuhusu uzuri, kuhusu heshima ya mstari mmoja, kuhusu Afrika na teknolojia. Daktari akagonga saa kwa kucha. Nikabonyeza.

Dakika moja. Kaya nne na ushee. Dakika tano. Kaya ishirini. Mzee Haruni akauliza kama hiyo ni foleni ya kivuko. Ngusa, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, akasema kwamba kwa mwendo huu yeye angewahi kuwatembelea hao watu nyumbani kwao na kuwauliza hali. Chumba kizima kikacheka. Daktari peke yake hakucheka. Akasema wiki iliyopita alisikia kwamba Kibaoni ilichukua dakika tatu. Mbona sasa ni zaidi ya hapo mara hamsini?

Nikasema ni joto la mashine.

Levina alikuwa amekwisha kuinama kwenye kompyuta kuu. Akasema polepole kwamba faharasa mbili hazipo. Zimefutwa. Nilitazama dari. Akasema mashine ina daftari lake inamoandika kila amri, siku, saa, na aliyeitoa. Sikujua! Naapa sikujua kwamba mashine nazo huandika shajara.

Daktari akauliza ni nani. Levina akaniangalia, na nilichokiona machoni mwake si ushindi, ni huruma, jambo lililo baya zaidi. Akasema: "Naomba Daktari asome mwenyewe."

Akasoma kwa sauti. Jumatatu. Saa tatu na dakika kumi. WENDELIN.

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Nilisimama. Nilieleza kwamba niliziondoa faharasa kwa nia njema, ili wakalimani wote wapimwe katika mazingira magumu yanayofanana na ya nchi yetu. Daktari akauliza kama, wakati ninaziondoa, nilifahamu kwamba mimi mwenyewe natumia majedwali hayo hayo. Nikajibu kwamba nilikuwa naelekea kwenye hoja hiyo.

Mkataba amepewa Levina. Mimi, nikae pembeni ningoje barua.

Alhamisi, 12 Machi

Wageni wamekuja, wameona, wamefurahi. Niliwatazama kupitia dirisha la stoo.

Jioni Daktari aliniita. Niliingia nikiwa nimeshafikiria jinsi ya kuzungumza na kiboko. Akasema Levina ameniombea. Eti nina akili, ila inapita njia ndefu. Nafasi ya kompyuta imekwisha, lakini kuna nafasi ya karani wa nyanjani ng'ambo ya mto, chini ya Ngusa. Majaribio hadi tarehe thelathini na moja. Kaya ishirini kwa siku. Nikifikisha, mkataba mdogo. Nisipofikisha, kwaheri.

Nilishukuru kwa hotuba. Akanikatiza katikati.

Balbina amefunga mzigo wangu bila neno. Halafu akasema baba ameliezeka upya lile dungu, ametuma mtu kutuambia. Kwa nia nzuri tu, akasema.

Jumanne, 17 Machi

Siku ya tatu ng'ambo. Tumelala katika darasa la shule, mimi na Ngusa, na mto unasikika ukijaa. Kitu kikubwa kinapumua kwenye matete. Ngusa anasema ni kiboko mmoja tu, tena mzee. Sikuuliza ana umri gani.

Hali si nzuri. Leo Ngusa amefikisha kaya ishirini na nne. Mimi, tatu. Yeye anaondoka asubuhi na fomu zote ndani ya mfuko wa nailoni, anamaliza kitongoji kizima, anamkalisha mama wa nyumba, anaandika watu wote kwa kikao kimoja. Kazi ya pupa. Mimi nachukua fomu moja, ili isilowe, naijaza, nairudisha shuleni, naiweka sandukuni kwa heshima, kisha naifuata ya pili. Na sikubali mtu mmoja anisemee wenzake. Baba yuko shambani, nakwenda shambani. Mtoto yuko kisimani, nakwenda kisimani. Ngusa alinikuta njiani mara ya sita akauliza: "Bwana, mbona unatembea na karatasi moja kama mtu anayekwenda kupiga kura?" Akanishauri nibebe rundo. Nimemshukuru. Namjua mtu anayetaka kunipoteza.

Kwa maana sababu ya ushindi wake nimeigundua, na si mfuko wa nailoni. Ni baiskeli! Mradi umetupa moja, tunaitumia kwa zamu, siku yake na siku yangu, na leo ilikuwa yake. Mtu yeyote angefikisha ishirini na nne akiwa amekalia tandiko. Lazima hali hii isawazishwe kabla ya Daktari kuvuka Ijumaa kuja kukagua.

Jioni hii, Ngusa alipokwenda kuoga, nimechomoa valvu zote mbili za baiskeli na kuzitupa mtoni, mbali, kwenye maji mengi. Hakuna daftari la mashine huku. Hakuna aliyeniona isipokuwa yule kwenye matete. Magurudumu yamelala chini kama chapati. Tuone sasa bingwa atafikisha kaya ngapi!

Kwa mara ya kwanza tangu tarehe mbili, hofu imenipungua. Nimepanga kazi ya kesho kwa uangalifu mkubwa. Nitakwenda kitongoji cha mwisho kabisa, kilomita kumi na nne, ambako kaya zimesongamana na mpinzani wangu hajafika. Nitaondoka saa kumi na mbili kamili, kabla hajaamka. Umbali haunitishi hata kidogo, maana kesho baiskeli ni zamu yangu.